Kuzima jeni kwenye seli shina: safari ya chembe nano na swali la muda

Tangu Agosti 2018 Marekani imeidhinisha dawa iitwayo patisiran, inayozima jeni moja ndani ya ini la mgonjwa. Hupitishwa mshipani kila wiki tatu, miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ikiwa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno: elfu kumi vikipangwa mstari mmoja havifiki milimita moja. Vitone hivyo ndivyo chembe nano. Mzazi wa Lira au Bundibugyo, hapa Uganda, mwenye mtoto wa selimundu akiisikia habari hiyo atauliza swali la haki kabisa: ikiwa jeni ya ini huzimwa kwa dripu, mbona uboho wa mwanangu, unaozaa hizo seli nyekundu zinazopinda, usitibiwe vivyo hivyo?

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni safari: chembe nano hulifikia ini upesi, lakini hazilifikii kwa urahisi hilo kundi dogo la seli shina lililojificha ndani ya mifupa. Hii husemwa sana. Ya pili ni muda. Dawa ya kuzima jeni hufanya kazi kwa siku, wiki au miezi michache, ilhali seli shina huzaa damu kwa miaka. Asiyeyatenganisha mambo haya mawili hukata tamaa bure, au huuziwa matumaini ambayo hayapo.

Kinachozimwa ni nini

Jeni haifanyi kazi yenyewe. Seli huinakili katika RNA mjumbe, na mjumbe huyo husomwa ili protini itengenezwe. Dawa ya kuzima haigusi DNA hata kidogo; humkata mjumbe. Chombo chake ni siRNA, kipande cha RNA chenye nyuzi mbili, kila uzi ukiwa na herufi 21 hivi. Kikishaingia ndani ya seli, uzi mmoja hutupwa na wa pili hushikwa na protini iitwayo Argonaute 2. Protini hiyo huutumia uzi kama kielelezo: mjumbe yeyote mwenye herufi zinazolingana nao hukatwa katikati, kisha protini huachia na kukata mwingine. Andrew Fire na Craig Mello waliuonyesha uzimaji huu kwa minyoo mwaka 1998 wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2001, maabara ya Thomas Tuschl ilionyesha kwamba vipande vifupi vya herufi 21 hufanya kazi hiyo katika seli za mamalia pia.

Kwa selimundu, wengi hudhani jeni ya kuzimwa ni ile yenye kasoro. La hasha. Mgonjwa ana nakala mbili za jeni ya beta-globini na kwa kawaida zote zina kasoro ileile ya herufi moja. Ukizizima zote, humwachii himoglobini nzuri. Unamwongezea upungufu wa damu. Jeni inayolengwa ni nyingine, BCL11A, ambayo baada ya kuzaliwa huifungia himoglobini F, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni. Himoglobini F huzuia himoglobini ya selimundu isigande, ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hana dalili katika miezi yake ya kwanza. Ukimpunguza mlinzi BCL11A, himoglobini F hurudi.

Wazo hili si geni Uganda, hata kama jina la BCL11A ni geni. Vidonge vya hydroxyurea vinavyotolewa kwa wagonjwa wa selimundu huinua himoglobini F kwa njia nyingine, na utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kupandisha dozi hadi karibu miligramu 30 kwa kilo kwa siku, chini ya uangalizi, kuliwasaidia watoto kuliko kubaki na miligramu 20.

Kufunga mzigo

siRNA ikiingizwa tupu kwenye damu haifiki popote. Vimeng'enya huikata, figo huichuja ndani ya dakika chache, na kile kidogo kinachosalia hakiwezi kupenya utando wa seli kwa sababu kimebeba chaji hasi zipatazo 40. Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe ya lipidi, yaani mafuta, za aina nne. Kwa patisiran, uwiano wake kwa moli ni 50 za lipidi inayobadilisha chaji, 10 za fosfolipidi, 38.5 za kolesteroli na 1.5 za lipidi yenye mkia wa PEG, uzi mrefu wa kemikali unaozuia chembe zisishikane.

Uwiano huo una maana ukiupigia hesabu. Chukua miligramu 1 ya siRNA. Kila herufi, yenye uzito wa kama gramu 330 kwa moli, ina chaji hasi moja, kwa hiyo una kama mikromoli 3 za chaji hasi. Ukitaka chaji chanya ziwe mara tatu ya hizo, unahitaji mikromoli 9 za lipidi inayobadilisha chaji. Lipidi ya patisiran, DLin-MC3-DMA, ina uzito wa gramu 642 kwa moli, basi utapima miligramu 5.8. Zinazobaki zinafuata uwiano: fosfolipidi DSPC miligramu 1.4, kolesteroli 2.7, PEG kama 0.7. Jumla ni zaidi kidogo ya miligramu 10 za mafuta kwa kila miligramu ya dawa. Ukiona maandalizi yaliyotumia mafuta machache mno kuliko hayo, tazama kwanza kama RNA imefungwa kweli au inaelea nje.

Lipidi zote nne huyeyushwa katika ethanoli, tuseme mililita 1.5. siRNA huyeyushwa katika mililita 4.5 za bafa ya sitreti (kimiminika kinachoshikilia asidi isibadilike) yenye pH 4. Katika pH hiyo lipidi inayobadilisha chaji huwa chanya na kuikamata RNA. Vimiminika viwili hukutanishwa kwa kasi ndani ya kifaa chenye mifereji myembamba, kwa mwendo wa jumla wa mililita 12 kwa dakika. Mililita zote 6 humalizika katika nusu dakika. Kasi ndiyo siri yenyewe. Ukichanganya kwa pipeti, sehemu moja ya kimiminika hukutana na ethanoli nyingi na nyingine na ethanoli kidogo, ukapata chembe za nanomita 70 pamoja na mabonge ya 400 katika chupa moja. Maabara isiyo na kifaa ghali inaweza kutumia kiungo chenye umbo la T na pampu mbili za sindano zinazosukuma kwa mwendo usioyumba. Ni njia inayoheshimika, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa kuanzia nayo.

Kisha mchanganyiko hupitishwa kwenye dialisisi, yaani husafishwa polepole kupitia utando, katika bafa ya pH 7.4 hadi ethanoli iishe na chaji ya nje ya chembe ikaribie sufuri. Hatua hii ikifupishwa, ethanoli inayobaki huua seli na mtafiti akaja kusema siRNA yake ni sumu. Mwishoni chembe huchujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22.

Vipimo vitatu havikwepeki. Ukubwa uwe kati ya nanomita 60 na 100. Kipimo cha mtawanyiko wa ukubwa kiwe chini ya 0.2. Na kiasi cha RNA kilichofungwa kizidi asilimia 90. Hiki cha tatu hupimwa kwa rangi inayong'aa ikigusa RNA: kwanza bila sabuni, ambapo inaonekana RNA iliyo nje tu, kisha kwa sabuni ya Triton inayopasua chembe zote. Ukipata 8 bila sabuni na 100 kwa sabuni, umefunga asilimia 92.

Njia ya kwenda uboho

Chembe ikiingia kwenye damu, mkia wa PEG huanza kuchomoka na protini za damu hujipaka juu yake. Mojawapo ni apolipoprotini E, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupeleka mafuta kwenye ini. Seli za ini zina vipokezi vingi vya kuidaka, na kuta za mishipa midogo ya ini zina matundu ya kutosha kuzipitisha chembe. Ndiyo sababu ini hupata karibu kila kitu bila mtu kulilenga. Hakuna maarifa ya ziada hapo. Ni maumbile yametusaidia.

Kwenye uboho msaada huo haupo. Mishipa yake nayo ina upenyo, lakini chembe nyingi zimeshachukuliwa na ini na wengu kabla hazijafika. Zinazofika hukutana na umati: seli shina halisi ya damu haizidi moja kati ya seli elfu kumi za uboho. Isitoshe, nyingi zimetulia, hazigawanyiki, na hazimezi sana vitu kutoka nje. Seli za ulinzi zilizo jirani humeza chembe kwa pupa, hivyo kipande cha uboho kinaweza kung'aa chote chini ya darubini ilhali seli shina hazikupata kitu.

Suluhisho lililoonyesha matokeo bora ni kubandika kingamwili kwenye chembe. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walichapisha katika jarida la Science kazi ya chembe zilizobandikwa kingamwili ya CD117, protini iliyo juu ya seli shina za damu. Kwa panya, sindano ya mshipani ilizifikia seli hizo bila kutoa uboho nje ya mwili. Mzigo wao haukuwa siRNA bali RNA mjumbe, na sababu ya chaguo hilo tutaiona punde. Waliweza pia kutuma ujumbe wa kuzifanya seli shina za zamani zijiue ili kupisha mpya, kazi ambayo leo hufanywa na dawa kali za kemotherapi.

Baada ya kuingia ndani ya seli bado kuna kizuizi kimoja, na hapa ndipo majaribio mengi hufia. Chembe humezwa ndani ya kifuko kiitwacho endosomu. Kifuko huzidi kuwa na asidi, lipidi hurudi kuwa chanya, hushikamana na utando wa kifuko na kuupasua. Hayo ndiyo yanayotarajiwa. Kipimo cha mwaka 2013 kwa chembe za aina hii kilionyesha kwamba ni asilimia 1 hadi 2 tu ya siRNA iliyomezwa hutoka kwenye kifuko ikiwa hai. Zilizobaki husagwa. Mtu akikuonyesha picha ya seli zinazong'aa kwa siRNA yenye rangi, mwombe kipimo cha mjumbe aliyekatwa. Kung'aa ni dalili ya kumezwa tu.

Kwa seli zilizo kwenye sahani ya maabara kuna njia nyingine inayokwepa kizuizi hicho. Kundi la Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, lilieleza mwaka 2015 jinsi ya kubandika siRNA juu ya magamba matupu ya dhahabu, kuyaacha yamezwe na seli shina za kiinitete za binadamu, kisha kuyamulika kwa leza ya mwanga ulio karibu na infraredi. Mwanga hukata kiungo kinachoshika siRNA na kupasua endosomu papo hapo. Faida yake ni kuchagua wakati na mahali: upande mmoja wa sahani unaanza kubadilika, mwingine unabaki ulivyo. Mwanga huo haupenyi mwili kwa kina, kwa hiyo tusiutarajie kwenye nyonga ya mgonjwa.

Muda

Tuseme safari imefaulu na kila seli shina imepata siRNA elfu moja zinazofanya kazi. Seli ikigawanyika mara moja, kila binti hubaki na 500. Baada ya migawanyiko kumi, idadi ya seli imezidishwa mara 1,024 na kila moja ina siRNA moja au haina kabisa. Safari ya kutoka seli shina hadi seli nyekundu ina migawanyiko mingi kuliko hiyo. Ni kama chai inayoongezwa maji kila kikombe kinapojazwa: sukari haijaharibika, ila haionjeki tena. Na BCL11A inatakiwa izimwe mwishoni mwa safari, wakati himoglobini inapotengenezwa, si mwanzoni.

Kuna kikwazo kizito zaidi. BCL11A ina kazi ndani ya seli shina yenyewe, na katika kutengeneza seli B za kinga. Kuizima huko hupunguza uwezo wa seli shina kujaza uboho upya. Kwa hiyo hata siRNA isiyokwisha kamwe ingeleta madhara ikiwekwa mahali pasipo pake. Madaktari wa Boston walilitatua hili kwa kirusi kilichodhoofishwa ambacho huandika ndani ya DNA ya seli shina maelekezo ya kutengeneza RNA ya kuzima, yakiwa na swichi inayowaka tu seli ikishaelekea kuwa seli nyekundu. Katika wagonjwa sita wa kwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, himoglobini F ilipanda hadi kati ya asilimia 20 na 41. Seli zilitolewa mwilini, zikatibiwa, zikarudishwa baada ya kemotherapi.

Ndiyo sababu wanaolenga uboho kwa chembe nano sasa wanabeba zaidi RNA mjumbe ya vihariri vya jeni, yaani protini zinazobadili DNA yenyewe, kuliko siRNA. Kihariri kinaweza kukaa kwenye seli siku mbili tu na bado alama yake ikabaki kwenye DNA maisha yote, tena kwenye kipande cha swichi ya BCL11A kinachohusu seli nyekundu peke yake. Tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, hukata kipande hichohicho, ingawa hufanywa nje ya mwili na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa.

Je, siRNA haina nafasi kwenye seli shina? Inayo, na ni nzuri: pale ambapo kazi yenyewe ni ya muda. Seli shina za mesenkima, zinazopatikana kwenye uboho, mafuta na kitovu, zinaweza kuelekezwa ziwe mfupa. Protini iitwayo noggin huzuia ishara za kujenga mfupa. Ukiizima kwa siku chache seli zikiwa kwenye kiunzi chao, ujenzi huchochewa, kisha uzimaji huisha wenyewe. Hapo kuisha ndiko kunakotakiwa. Kwa nchi ambayo wodi zake za mifupa zimejaa waathirika wa ajali za boda boda, tunaamini eneo hili linastahili macho ya watafiti wetu kuliko linavyopata.

Kwenye meza ya maabara

Anayejaribu kwa seli za damu za CD34, protini inayozitambulisha seli shina na seli changa za damu, aanze na siRNA ya nanomoli 10 hadi 100 kwa lita. Kosa la kawaida kabisa ni kusahau kwamba lishe ya seli hizi haina seramu, hivyo haina apolipoprotini E, na chembe ambazo hazijabandikwa kingamwili zinaelea tu. Ongeza apolipoprotini E, kama mikrogramu 1 kwa mililita, na matokeo yanaweza kubadilika kabisa.

Weka vikundi vya kulinganisha: seli zisizoguswa, chembe zisizo na RNA, chembe zenye siRNA ya herufi zilizovurugwa, na chembe zenye siRNA dhidi ya CD45, ambayo kupungua kwake huonekana kirahisi juu ya seli. Pima mjumbe baada ya saa 24 hadi 48. Protini baada ya saa 72, kwa kuwa ile iliyokuwepo huchukua muda kuoza. Kisha otesha makundi ya seli kwenye jeli ya methiliselulosi kwa siku 14. Jeni inaweza kuwa imezimika vizuri huku seli ikiwa imepoteza ushina wake kwa sababu ya kukaa kwenye sahani, au kwa sababu ya endotoksini, mabaki ya bakteria ambayo hata yakiwa machache mno huziamsha seli shina na kuzilazimisha kubadilika. Jibu la uhakika huja baada ya kuzipandikiza kwa panya wasio na kinga na kungoja wiki 16.

Kugandisha chembe bila sukrosi huzifanya zishikane. Kuongeza PEG ili zisishikane huzuia zisimezwe. siRNA isiyobadilishwa kikemia huamsha vipokezi vya kinga na mwili ukaitikia kana kwamba kuna virusi. Ndiyo maana herufi nyingi za dawa hizi hupewa kundi la metili au florini kwenye sukari zake.

Uganda inahitaji nini

Utafiti wa kitaifa uliopima sampuli zaidi ya 97,000 za damu kavu za watoto wachanga kati ya 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 wana chembe ya selimundu, yaani wamerithi nakala moja tu ya jeni yenye kasoro, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walikuwa tayari wameripoti chembe hiyo kwa asilimia 45 ya Baamba wa Bundibugyo. Kwa idadi kama hiyo, tiba inayohitaji kutoa seli, kemotherapi na wiki kadhaa za chumba cha kujitenga haitawafikia walio wengi hata bei ikishuka. Sindano ya chembe nano ingeweza, na hiyo ndiyo sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko linavyoihusu Ulaya.

Ubaridi si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Patisiran hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo nyingi za watoto zinazofika wilayani kila mwezi. RNA mjumbe ni dhaifu zaidi, lakini chanjo za Uviko-19 za Pfizer na Moderna, ambazo ni chembe nano za lipidi vilevile, zilitunzwa na kutumika hapa. Upungufu halisi uko kwingine: watoto wengi hawapimwi wakizaliwa, na mgonjwa asiyejulikana hatapata tiba yoyote, ya zamani wala mpya.

Hadi sasa hakuna tiba ya siRNA kwenye chembe nano iliyoidhinishwa kwa seli shina za binadamu popote duniani. Vidonge na poda zinazouzwa mijini kwa jina la seli shina havina seli hai. Seli haiwezi kuishi ndani ya kapsuli kavu, wala kupita tumboni salama. Mtu akikuambia ana tiba ya jeni ya selimundu, muulize mambo manne: namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa au kibali cha utafiti cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, jeni gani inalengwa, dawa hufikaje kwenye uboho, na hudumu muda gani. Kama ni utafiti wa kweli, hutatozwa pesa kushiriki. Na mtoto aendelee na hydroxyurea yake, penisilini katika miaka yake ya mwanzo, kinga ya malaria na chandarua, kwa sababu mgonjwa aliyekwisha haribika wengu, figo au ubongo hatarudishiwa viungo hivyo na chembe yoyote ya nano.